Kamba ya Upepo

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Si njano ile ya kwanza ya miaka ya themanini, ambayo wakubwa wenu wanaisimulia kama vita. Nasema ile ya pili, iliyokuja baada ya uchaguzi wa vyama vingi, wakati unga mweupe ulipopotea madukani na sisi wa Mashimoni, huko Kibera, tukasonga ule wa msaada, mgumu, wenye harufu ya gunia, tukaula na sukuma wiki iliyochemshwa bila tone la mafuta. Watoto waliuita keki. Ukinipa ninuse ule unga leo, nitafumba macho na kukuonyesha kila mlango wa Kibera ulikuwa wapi.

Ndio mwaka nilioanza kazi ya mkokoteni. Asubuhi ya kwanza nilikula kiporo cha hiyo njano, nikajifunga leso mbili kiunoni, nikavaa akala za tairi, nikamfuata bwanangu mpaka yadi ya mikokoteni. Bwanangu nilimwita Baba Nekesa, kwa jina la binti yetu Nekesa, na hapa nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake lingine sikuwahi kulizoea. Yeye alivuta mkokoteni tangu kabla ya kunioa. Mwenzake wa kusukuma nyuma alikuwa ameenda kutafuta kazi ya mjengo, na mkokoteni wenye mzigo hauendi mlimani na mtu mmoja.

Mwenye mikokoteni tulimwita Chairman. Chama alichokuwa chairman wake mimi sijakijua hadi leo. Alikuwa mfupi, na koti lake la kijivu halikutoka hata jua likiwaka vipi. Alikaa mlangoni juu ya tairi kuukuu, akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka akala.

"Huyu ni nani?"

"Ni msukumaji wangu," Baba Nekesa akasema.

"Huyu ni bibi yako."

"Ndio huyo huyo."

"Mama, hii si kazi ya leso."

"Kwani leso ndio inasukuma?" nikamuuliza. "Mikono ndio inasukuma."

Wavutaji wakacheka. Chairman hakucheka, lakini alisogeza miguu tukapita. "Mlima ukiwashinda," akasema nyuma yetu, "mnarudisha mikono."

Hayo maneno lazima niwaeleze, nyinyi mnaobebewa kila kitu na pikipiki. Mkokoteni ni ekseli ya gari lililokufa, tairi mbili, na kitanda cha mbao juu. Mbele zinatoka mbao mbili ndefu, na mvutaji anasimama katikati yake kama ng'ombe. Hizo ndizo mikono. Kurudisha mikono ni kufutwa kazi. Mzigo unapangwa kwa mizani: ukiuweka mbele sana unakuvunja mabega, ukiuweka nyuma sana unakunyanyua juu, miguu inapiga hewa na watu wa stendi wanapata la kuchekea. Breki iko nyuma, kipande cha tairi kimepigiliwa misumari chini ya mkia. Kwenye mteremko unainua mikono juu, mkia unashuka, tairi inasugua lami na kunuka kama kitu kinaungua. Hiyo ndiyo breki, na ikikataa hakuna nyingine.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa maji. Tulibeba mitungi kutoka kwenye kioski tukiwapelekea wenye hoteli na vilabu. Njia zilikuwa za tope, na mitaro ilipita katikati ya nyumba. Nilisukuma kwa mikono, nikasukuma kwa bega, na penye kilima nilisukuma kwa kichwa. Shingo yangu mpaka leo iko kama ya fahali, na mjukuu wangu mmoja ameirithi. Najivunia.

Kituo cha pili ndicho nilichokipenda. Kulikuwa na mama mfanyabiashara, sote tukimwita Madam, aliyekuwa na stoo ya magodoro ukingoni mwa Kibera na duka lake kule Kawangware, kwenye stendi ya 56. Chairman alitupa hiyo kazi: toa magodoro kwa stoo, panda mpaka Ngong Road, nenda mpaka Dagoretti Kona, kata kulia uingie Naivasha Road, shuka mpaka 56. Madam alituita siku ya kwanza akatusimamisha kama watoto wa shule.

"Godoro ni kama uso wa mtu," akasema. "Likiguswa na tope, hakuna anayelitaka. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Madam."

"Na mzee, hicho kikohozi peleka mbali na mali yangu."

Hapo ndipo penye shida yetu, na nataka muishike mkiendelea kunisikiliza. Kifua cha Baba Nekesa kilikuwa kinaisha. Penye mlima alisimama, akashika mikono ya mkokoteni kama mtu anaswali, na kukohoa mpaka machozi. Mimi nyuma nilizuia mzigo usirudi. Tuliogopa siku Chairman atakapomwona. Mtu asiyeweza mlima anarudisha mikono, na Baba Nekesa alijua vizuri kinachofuata: angepelekwa nyumbani, magharibi kule, awekwe kwa kiti karibu na ukuta, aletewe uji. Aliniambia waziwazi. "Mama Nekesa, mimi nikikalishwa sitaamka. Wacha nifie kwa barabara kuliko kwa kiti."

"Hakuna anayekufa," nikamwambia. Lakini nilikuwa nasikia kile kifua usingizini.

Basi upepo tuliupata kwa makosa. Magodoro hulazwa. Unalaza moja, jingine juu yake, unafunga kamba. Siku hiyo ilikuwa kiangazi, mwezi wa kwanza au wa pili, na Baba Nekesa hakuwa na pumzi ya kuinua godoro juu ya godoro. Akayasimamisha. Akayapanga wima kama vitabu, akayafunga kiunoni kwa kamba, akasema twende. Nilijua ni vibaya lakini sikutaka aseme kwa nini.

Tulifika Ngong Road alasiri. Hiyo saa, wakati wa kiangazi, upepo unatoka upande wa town, unakuja barabarani kama mtu anayerudi nyumbani. Majani makavu ya jakaranda yalikuwa yanaanguka polepole. Nilikuwa nasukuma, kichwa chini, nikitazama lami na vidole vyangu vya miguu, halafu nikaona nasukuma hewa. Mbao zilikuwa zimeondoka mikononi mwangu. Mkokoteni ulikuwa unaenda.

"Mama Nekesa, punguza!" Baba Nekesa akapiga kelele mbele.

"Sisukumi!"

"Nani anasukuma?"

"Sijui! Mimi niko huku nyuma, natembea tu!"

Alikuwa anakimbia hatua fupifupi, mikono ya mkokoteni imembeba nusu, na magodoro ya Madam yamefura kama mtu amevuta pumzi na kukataa kuitoa. Nilimkimbilia. Nikafika ubavuni pake nikamwona uso. Hakuwa anakohoa. Alikuwa amefungua mdomo kama mtoto anayeota. Tulienda hivyo mpaka Kona, na mimi sikugusa kitu ila hewa yenyewe. Hata sasa, nikilala mchana, huwa nairudia hiyo barabara, na huko usingizini haina mwisho wala magari.

Baada ya hapo tulianza kufikiri. Madam hangekubali magodoro yasimamishwe kila siku, yangepinda. Nikakusanya magunia ya nailoni ya unga, nikayafumua, nikayashona pamoja kwa sindano ya gunia mpaka yakawa kitambaa kikubwa kama mlango wa kanisa. Watu wa Pwani wana jina lake, wanaita tanga. Sisi tuliita shuka. Baba Nekesa akapata mti wa mkaratusi, mwembamba, ulionyooka, tukausimamisha katikati ya kitanda cha mkokoteni, juu tukafunga ufito wa kulala, na shuka likaning'inia hapo. Pembe za chini zilishikwa na kamba ya manila. Ukiivuta, shuka linajaa. Ukiiachilia, shuka linapepea ovyo kama nguo kwenye laini, na upepo unapita zake.

Mnaona sasa kwamba kazi iligawanyika. Mmoja kwenye mikono, wa kuelekeza na wa breki. Mwingine ubavuni na kamba, wa kusikiliza upepo. Kamba haina uzito. Mtu wa kifua kibaya anaiweza siku nzima. Kwa hivyo mimi niliingia katikati ya mikono, mbele kabisa, mwanamke mzima na leso zangu, na Baba Nekesa akashika kamba.

Alikuwa fundi wa hiyo kamba. Ninasema hivyo bila kumpendelea. Upepo hauji sawasawa, unakuja kwa mawimbi, na penye uwazi kati ya majumba unakupiga kofi ghafla. Yeye alijua kabla. Alitazama moshi wa wachoma mahindi, nguo kwenye ua, zile karatasi za nailoni zilizokuwa zinaruka juu ya mabati enzi hizo, nyeupe, bluu, kama ndege wasiokuwa na mahali pa kutua. Karatasi zikiinama upande mmoja, alilegeza. Zikitulia, alivuta. Mimi mbele nilisikia tu mkokoteni ukinigusa mgongoni taratibu, kama mtu anayekuamsha bila kutaka uamke. Wakati mwingine miguu yangu ilikuwa inatembea na mimi mwenyewe nimeenda mbali. Niliona mashamba ya nyumbani, mahindi yameinama yote pamoja. Niliona mama yangu akianika mtama. Halafu nasikia, "Mama Nekesa, Kona!" na mimi hapo nainua mikono, breki inalia, tunakata.

Sio kila siku. Mwezi wa saba Nairobi upepo unalala, ukungu unakaa juu ya Kawangware mpaka saa nne, na sisi tulivuta kama kila mtu, polepole, tukipumzika mara nyingi. Kurudi Kibera kila siku tulirudi bila kitu, shuka limekunjwa, maana upepo ulikuwa usoni. Ulipokuja nyuma yetu, kwa kwenda, hakuna mkokoteni uliotupita.

Vijana wa 56 walitoka maduka yote kutuangalia. Odhiambo, mvutaji wa yadi yetu, mtu wa mdomo kuliko mabega, alitungoja hapo stendi na mzigo wake wa mabati.

"Omera, ndugu yangu!" akampigia Baba Nekesa kelele watu wote wasikie. "Umemfunga bibi kama punda, na wewe umeshika kamba!"

Nilisimama. Nilikuwa tayari kutoka katikati ya mikono nimwonyeshe. Baba Nekesa akanizuia kwa mkono, akamtazama Odhiambo aliyelowa jasho mpaka suruali.

"Na wewe punda wako ni nani? Si ni wewe mwenyewe?"

Stendi yote ililipuka. Odhiambo mwenyewe alicheka mpaka akashusha mzigo, na baadaye ndiye alinitafutia sindano nzuri ya kushonea. Lakini hiyo jioni, tukiosha miguu, niliona Baba Nekesa anasugua mguu uliokwisha kutakata. Mwanaume akitaniwa hivyo, kicheko kinaisha na maneno yanabaki.

Na maneno yalifika kwa Chairman. Alikuja Kawangware mwenyewe, akatungojea mbele ya duka la Madam na soda mkononi. Siku hiyo upepo ulikuwa mzuri kupita zote. Tulishuka Naivasha Road kama tumetumwa na mbingu, shuka limejaa, watoto wanakimbia kando. Nikainua mikono, tukasimama mbele ya viatu vyake. Alizunguka mkokoteni mara kadhaa. Akagusa mti, akagusa ufito, akavuta kitambaa.

"Nani alishona?"

"Mimi."

"Umefika darasa la ngapi?"

"La tatu. Hakuna somo la hii."

Akanywa soda. "Huyu upepo ni mfanyakazi mzuri," akasema. "Hachelewi kazini, na haombi chai. Sasa mimi naona hapa kuna watu watatu kwa mkokoteni moja. Upepo, wewe, na mzee. Nimekuangalia vizuri mama, wewe ndio unavuta. Mzee anashika kamba tu. Kamba hata mbao inaweza kuishika. Funga hapa." Akapiga ubao wa pembeni kwa kiganja. "Funga hapa, fundo moja, halafu mzee aende nyumbani apumzike. Si anakohoa? Mnafikiri sijui anakohoa?"

Nikamtazama Baba Nekesa. Alikuwa ameshika ncha ya ile kamba, shuka limeshalegea, hakuna cha kushikilia, na bado alikuwa ameishika.

"Kamba ya upepo siifungi," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu, ningemwambia habari ya makofi ya upepo, ningemwambia ya mteremko. Yote yangekuwa nusu ya ukweli. Siku ya upepo mwepesi hiyo kamba ingefungika vizuri sana. Mimi nilijua, na nafikiri yeye pia alijua.

"Mama, mkokoteni ni yangu."

"Ni yako. Chukua mikono hii hapa. Shuka nitaenda nalo, nitashona mito ya watoto."

Madam alikuwa ametoka dukani, amesimama mlangoni na mkono kiunoni. Hakututetea. Alisema tu, "Amueni haraka, magodoro yangu yako juani." Chairman akamtazama Baba Nekesa kwa muda mrefu, akatazama ule mkono na kamba. Sijui aliona nini. Alimaliza soda yake, akaiweka chupa juu ya ngazi za duka kwa uangalifu kama ni yai.

"Basi pakua," akasema. "Na kesho mbebe mengi zaidi, kama nyinyi ni watatu."

Tulirudi Kibera na mkokoteni mtupu, upepo usoni. Karibu na Kona Baba Nekesa akasema, "Ingefungika."

"Najua."

"Mbona ukakataa?"

"Shika mbao huko, tunapanda."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Miaka tuliyofanya kazi baada ya hapo ndiyo miaka niliyoishi. Watoto walikua, Nekesa akaolewa, na sisi wawili kila kiangazi tulikuwa barabarani alasiri, mimi mbele, yeye ubavuni, akiniambia mambo madogomadogo ambayo mtu huyasema akiwa hajachoka. Nani amezaa. Wingu lile linafanana na nani. Sikuwa nageuka kumwona. Nilijua yuko kwa vile mkokoteni ulivyonigusa.

Sasa nimekaa. Mimi ni kukhu wa wajukuu wanaopanda bodaboda kwenda sokoni kununua nyanya mbili. Nawaona mnapita mbio, mnaupiga upepo uso kwa uso kama adui wenu. Sisi tulimpa mgongo, tukamwacha atupeleke. Siwaambii mrudi kwa mkokoteni. Ni kazi mbaya, inakula magoti, kanjo, wale askari wa jiji, wanakufukuza, na mvua ikinyesha huna paa. Ninachowaambia ni kwamba niliijua. Nilijua mzigo ulivyo kwa kuugusa kwa kiganja, nilijua saa ya upepo kwa moshi, na hakuna mwanaume wa yadi ile aliyenipita kwa breki. Hilo nalisema nikiwa hai, msingoje kulisema mkinizika.

Mnaniuliza siku zote kwa nini niliacha nikiwa bado na nguvu. Nitawaambia.

Mvua ya El Nino ilipokuja, ile iliyobomoa vyoo na kuta za Mashimoni na kugeuza kila njia mto, kifua cha Baba Nekesa hakikuweza ule unyevu. Hakukaa kwa kiti hata siku moja. Alianguka kitandani Jumamosi akitoka kazini, na hakuiona Jumamosi nyingine. Tulimpeleka nyumbani tukamzika. Nilikaa huko mpaka ardhi ilipokauka, halafu nikarudi Nairobi kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuweka mikono yangu.

Nilienda yadi. Kiangazi kilikuwa kimeanza, anga safi, na karatasi za nailoni zinapita juu ya mabati zote zikielekea Kawangware. Odhiambo akavua kofia. Chairman akainuka kutoka kwenye tairi lake, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mtu.

"Pole, Mama Nekesa."

"Asante."

"Mkokoteni yako sikumpa mtu. Tairi nimejaza upepo mimi mwenyewe. Madam anauliza wewe kila siku." Akanipeleka mpaka pale uliposimama. Mti ulikuwa umesimamishwa, shuka limening'inizwa, na kwenye ubao wa pembeni alikuwa amepigilia msumari mpya, mnene, akaupinda vizuri kama ndoano. "Angalia, nimekuwekea. Hutahitaji msaidizi. Unafunga hapa, unaenda pole pole, jioni unarudi. Hii kazi ni yako mpaka wewe useme basi. Mimi sikufukuzi."

Alikuwa anasema kwa huruma. Nilijua ni huruma. Nilishika ile kamba, ilikuwa laini pale mkono wa mtu mwingine ulipoisugua miaka yote, na upepo ulipopita kwenye uzio shuka lilijaa kidogo, likanivuta. Chairman alingoja. Odhiambo alingoja na kofia yake mkononi. Msumari ulikuwa unang'aa.

"Funga tu, mama," Chairman akasema taratibu.

"Kamba ya upepo siifungi."